Je, picha zangu za usiku kutoka Igombe zinathibitisha kwamba anga la Mwanza limeharibika?

Jabali la Igombe (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu.

Mimi ni mpiga picha wa harusi na mahafali hapa Mwanza, na tangu kabla sijapata mteja wa kwanza nimekuwa na mazoea ya kupanda juu ya jabali moja lililo karibu na ufuko wa Igombe ili kupiga picha za anga la usiku. Wiki iliyopita, nilipokuwa nikipanga faili za zamani, nilikuta picha niliyoipiga Agosti 2015, kamera ikiwa imeelekezwa kusini. Ndani yake Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota unaokatiza anga, imesimama wima kama moshi wa jiko la kuni asubuhi isiyo na upepo, na chini kabisa, upande wa mjini, kuna wekundu wa taa usiofika hata kilele cha mwembe ulio mbele ya jabali. Januari hii nilipanda tena nikapiga upande ule ule. Njia Nyeupe haimo kabisa. Wekundu umegeuka weupe, umepanda karibu nusu ya picha, na upande wa kulia, ziwani, taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga kana kwamba mji mwingine umejengwa juu ya maji.

Niliziweka picha hizo mbili sambamba, nikashikwa na huzuni ambayo siwezi kuieleza vizuri. Nakusudia kuandaa maonyesho madogo katika shule moja ya sekondari na kuwaandikia viongozi wa mtaa wetu kuhusu taa zinazowashwa ovyo. Kabla sijaandika, naomba wenye ujuzi waniambie kama picha hizi ni ushahidi. Ya 2015 niliipiga kwa lenzi iliyokuja na kamera, milimita 18, f/3.5, sekunde 20, ISO 1600. Ya Januari nimeipiga kwa kamera mpya na lenzi nyingine ya upana huo huo, f/2.8, sekunde 25, ISO 3200. Usiku wote wawili ulikuwa wa giza la mwezi, saa tatu, na mara zote mbili niliiacha kamera ijichagulie rangi.

Swali langu la pili ni hili: je, taa za wavuvi nazo zihesabiwe katika uchafuzi wa mwanga? Sipendi kumtwika mvuvi lawama isiyo yake.

Nyota ya Kusini

Ndugu mleta mada, nakupongeza kwa kuuliza kabla ya kuandika barua, kwa sababu picha hizi mbili, kwa namna zilivyopigwa, haziwezi kubeba neno unalotaka kulisema. Sisemi kwamba anga halijaharibika. Nasema ushahidi huu utaangushwa na mtu wa kwanza anayejua kamera.

Tuanze na hesabu. Ulipotoka f/3.5 kwenda f/2.8, tundu la lenzi liliingiza mwanga mara 1.56 ya ule wa awali. Ulipotoka sekunde 20 kwenda 25, uliongeza mara 1.25. Ulipopandisha ISO kutoka 1600 hadi 3200, uliifanya kamera iuoneshe mwanga huo mara 2. Ukizidisha, picha ya Januari ingekuwa angavu kuliko ile ya 2015 kwa karibu mara 4 hata kama isingeongezwa balbu moja Mwanza nzima katika miaka yote hiyo. Wekundu uliogeuka weupe nao una mashaka, kwa kuwa kamera inayojichagulia rangi hufanya uamuzi mpya kila picha. Inawezekana kweli taa za njano za sodiamu zimebadilishwa kuwa za LED nyeupe, lakini si picha hizi zitakazokwambia.

La pili ni zito zaidi. Njia Nyeupe uliyoipiga Agosti ni sehemu yake nene, yaani kiini chake, kilicho upande wa kundinyota la Mshale. Katikati ya Agosti, saa tatu usiku kwa saa za Mwanza, kiini hicho kinakuwa kusini hasa, takribani nyuzi 63 juu ya upeo. Mwanzoni mwa Januari kiko upande wa jua na kinapita angani mchana pamoja nalo, kwa hiyo hakuna kamera ambayo ingekiona saa tatu usiku, hata katikati ya ziwa kusikokuwa na taa hata moja. Ukiyapeleka maonyesho yako shuleni na maelezo kwamba taa zimeifuta Njia Nyeupe ya Januari, mwanafunzi mmoja mdadisi atakuaibisha mbele ya wenzake, na jambo la kweli litadharauliwa kwa sababu ya kielelezo kisicho cha kweli.

Kitu ambacho ungepaswa kukitafuta katika picha ya Januari ni Mawingu ya Magellan, ambayo huonekana kama vipande viwili vya ukungu upande wa kusini. Lile kubwa halipandi zaidi ya nyuzi 23 hivi kwa mtu aliye Mwanza, na kwa kuwa wewe uko Igombe, kusini kwako ndiko uliko uwanja wa ndege na jiji lote nyuma yake. Kwa hiyo hata Wingu Kubwa la Magellan linaweza kumezwa mapema na mwanga wa mji. Kama halionekani katika faili yako ghafi, yaani ile ambayo kamera haijaichakata, hilo ni jambo la kuandika kwenye daftari.

Kuna pia hali ya hewa. Watafiti waliopima anga la Berlin walikuta kwamba usiku wa mawingu mwanga wa anga ndani ya mji huongezeka karibu mara 10, kwa sababu wingu hurudisha chini mwanga ambao ungepotelea juu. Januari kwetu ni mwezi wa unyevu na mawingu mepesi ambayo jicho haliyatambui gizani. Agosti nayo ina moshi wa mashamba yanayochomwa. Ndiyo maana Agosti inapaswa kulinganishwa na Agosti, na kama unaweza, chukua usiku tatu au nne za giza badala ya mmoja.

Nakushauri usubiri Agosti. Itafute kamera ile ya zamani na lenzi ile ile, simama juu ya jabali lile lile, tumia f/3.5, sekunde 20 na ISO 1600, hifadhi faili ghafi, na funga chaguo la rangi lisibadilike. Uwe na kitambaa kikavu, maana umande wa ufukweni huziba lenzi taratibu na kulifanya anga lionekane limetapakaa mwanga.

Hata hivyo, Januari yako haijapotea. Geukia kaskazini, kuliko ziwa na giza, ukitafute Kilimia. Wazee walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, kwa maana kundi hilo la nyota lilikuwa kalenda ya mkulima wa mwambao muda mrefu kabla ya kalenda za ukutani. Mwenye macho mazuri huhesabu nyota 6 au 7 penye giza kamili. Wape wanafunzi kazi ya kuzihesabu, mmoja akiwa Igombe, mwingine Buzuruga, mwingine Nyegezi, usiku mmoja na saa moja. Hesabu za namna hiyo, zinazofanywa kwa macho na watu wa kawaida, ndizo zilizowezesha utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kuonesha kwamba kati ya 2011 na 2022 mwangaza wa anga uliongezeka kwa wastani wa asilimia 9.6 kila mwaka mahali zilikotoka hesabu hizo. Washiriki wengi walikuwa Ulaya na Amerika Kaskazini, kwa hiyo usiichukue takwimu hiyo ukaibandika Mwanza. Mwanza inahitaji hesabu yake.

Mzee wa Karabai

Kijana wangu, nimevua dagaa katika ziwa hili hadi magoti yalipokataa, na nakushukuru kwa kutotuhukumu kabla ya kutusikiliza.

Dagaa huvuliwa wakati wa giza. Mbalamwezi inapotawala, taa yetu haina nguvu ya kumshawishi samaki, hivyo mitumbwi hupumzika na watu hutengeneza nyavu. Enzi zangu tulitumia karabai za mafuta ya taa, zilizofungwa juu ya maboya, na mtumbwi mmoja ulikuwa na taa kadhaa zilizotegwa mbalimbali. Siku hizi vijana wanatumia taa za LED zenye betri, kwa kuwa mafuta yalikuwa yanakula faida yote. Kwa hiyo ukihesabu taa katika picha yako ukadhani umehesabu mitumbwi, umekosea mara kadhaa. Halafu kwa sekunde 25 ulizoacha lenzi wazi, boya linayumba, taa inachora mstari, na maji yanaurudia mstari huo chini yake. Ule mji uliouona juu ya maji, sehemu yake kubwa imejengwa na kamera.

Hata hivyo sitasema kwamba taa zetu hazina lawama yoyote. Taa ikitegwa karibu na ufuko, huvuta pamoja na dagaa vifaranga vya sangara na sato ambao walikuja huko kukulia, na hilo nimeliona kwa macho yangu wavu ulipopandishwa. Tena baadhi ya taa za sasa hazina kifuniko, nusu ya nuru inapaa juu bure. Mwanga unaokwenda juu haujawahi kuvuta dagaa. Wavuvi wenye akili hufunika taa kwa juu ili nuru yote iingie majini, wanavua zaidi na betri inadumu. Ukitaka kuwashauri wavuvi, anza hapo, watakuelewa.

Lakini kuna jambo ambalo wapiga picha mnalipita. Unawajua wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama nguzo ya moshi, hasa mwezi unapoandama? Funza wao huishi majini na ni sehemu ya chakula cha dagaa. Wadudu hao wakishaota mabawa wanaishi muda mfupi tu, wapandane, watage juu ya maji, wafe. Sasa piga picha chini ya taa yoyote kali iliyo ufukweni, alfajiri, kabla wafagiaji hawajafika. Utakuta wamelala marundo. Hao hawakutaga ziwani. Mimi sina kipimo cha kusema hasara hiyo ni kubwa kiasi gani kwa dagaa, lakini nikiona marundo hayo hunikaa rohoni kuliko picha ya nyota zilizopotea, na uniwie radhi kwa kusema hivyo.

Mama wa Mwaloni

Nimesoma kwa makini, na naomba niseme kwa niaba ya wanawake wanaofika mwaloni saa kumi alfajiri kununua samaki. Ndugu zangu, taa kwetu ni usalama. Tulikaa miaka mingi tukipita vichochoroni kwa kupapasa, na mtu akisema taa ni uchafuzi, moyo wangu unashtuka kwanza kabla sijamsikiliza.

Pamoja na hayo, nina ushuhuda. Katika mwalo mmoja ambao sitautaja iliwekwa taa kubwa nyeupe juu ya nguzo fupi, ikielekezwa usawa wa nyuso za watu wanaoingia. Ukipita mbele yake huoni kitu. Nyuma ya nguzo panakuwa peusi kuliko zamani, na hapo ndipo mwenzetu mmoja aliporwa mkoba wake. Aliyeifunga alidhani nguvu ya taa ndiyo usalama. Sisi tungetaka taa ndogo mbili zinazotazama chini, tuone tunapokanyaga na tumwone anayekuja. Kaka mpiga picha, njoo utupige hapo, usimame tunaposimama sisi, ili viongozi waone tunachokiona. Picha ya namna hiyo nitaibeba mwenyewe kwenye mkutano.

Fundi wa Nyakato

Mama amelisema vizuri kuliko vitabu vyangu. Taa nzuri ya nje ni ile ambayo ukisimama mbali huioni balbu yake, unaona tu ardhi inayomulikwa. Hilo hupatikana kwa kifuniko kamili kinachozuia mwanga kupita usawa wa upeo, na mara nyingi ni suala la kuinamisha taa kwa spana bila gharama ya kununua nyingine. La pili ni rangi. Mwanga wenye samawati nyingi hutawanywa na hewa kwa urahisi zaidi, jambo lile lile linalofanya anga la mchana liwe la buluu, kwa hiyo taa ya LED ya kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5000 au 6500 hulichafua anga kuliko ya kelvini 2700 yenye nuru ileile. Madukani zote zipo, na maandishi hayo yako kwenye boksi, ila wateja wengi huchagua nyeupe kwa kudhani ndiyo yenye nguvu.

Naongeza sababu inayonifanya nithamini kazi ya mleta mada. Ramani nyingi za mwanga wa usiku mnazoziona hutoka kwenye kifaa kiitwacho VIIRS, kilichoko kwenye setilaiti ya Marekani iliyorushwa mwaka 2011. Kifaa hicho hupokea mwanga wa kuanzia nanomita 500 hadi 900 hivi, hakioni samawati. Mji ukiondoa taa za sodiamu ukaweka LED nyeupe, ramani inaweza kuonesha mwanga umepungua ilhali aliye chini anaona anga limepauka zaidi. Kwa hiyo picha yenye rangi kamili, iliyopigwa ardhini mahali pamoja mwaka hadi mwaka, inajua kitu ambacho setilaiti hiyo haikijui.

Mwalimu wa Magu

Kwa upande wa maonyesho ya shuleni, naomba yasiishie kwenye nyota. Wanafunzi wetu ni watoto wa wafugaji. Waambie kuhusu wale wadudu wanaoviringisha kinyesi cha ng'ombe. Mwaka 2013 watafiti waliofanya kazi Afrika Kusini walichapisha matokeo yao kwamba wadudu hao hutumia Njia Nyeupe kunyoosha safari yao usiku usio na mwezi, na baadhi yao walivishwa vikofia vidogo vya karatasi ili wasione juu, wakaanza kuzungukazunguka. Baadaye, mwaka 2021, ilioneshwa kwamba penye taa za mji wadudu hao huacha kufuata anga wakaelekea kwenye taa. Mtoto atakayesikia hivyo hatamtazama tena mdudu huyo kama alivyomtazama jana.

Vilevile hoja ya Nyota ya Kusini kuhusu kulinganisha inahusu picha zote za mazingira. Kila mwaka naletewa picha za gugumaji, lililoingia ziwani humu mwishoni mwa miaka ya 1980, na mpigaji husema ghuba imefunikwa. Gugumaji huelea na kusukumwa na upepo. Asubuhi ghuba imejaa, jioni ni nyeupe, na jani lote liko kwa jirani. Picha moja haisemi limeongezeka wala limepungua. Mahali pamoja, saa moja, kila wiki kwa mwaka mzima, hapo utakuwa na la kusema.

Jabali la Igombe (mleta mada)

Shikamoo Mzee wa Karabai, shikamoo Mama. Nawaomba radhi kwa kunyamaza miezi saba. Nilikuwa nasubiri Agosti kama nilivyoelekezwa.

Kamera ya zamani niliikuta kwa mdogo wangu, lenzi ikiwa na ukungu kidogo pembeni, nikaisafisha. Nilipanda jabalini usiku nne za giza, na mbili kati yake zilikuwa safi. Nilitumia vipimo vile vile vya 2015, kamera ikiwa wima, saa tatu kamili. Njia Nyeupe ipo. Ilipotokea kwenye kioo cha kamera nilikaa chini juu ya jiwe nikashukuru. Imefifia kwa kuanzia chini, na ule mwanga wa mjini sasa unapita kilele cha mwembe kwa kiasi cha mwembe mwingine, huku nikikumbuka kwamba mwembe wenyewe nao umekua. Kwa hiyo kipimo changu kipya ni ukingo wa mwamba ulio kulia, ambao hauoti.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba weupe mkali zaidi katika picha hautoki jijini. Nilipoikuza nikaona unaanzia kwenye taa tatu za eneo moja la biashara lililo ufukweni, mita mia chache kutoka jabalini, zilizofungwa zikitazama ziwani na angani. Alfajiri nilishuka hadi hapo, na marundo aliyoyasema mzee nikayakuta chini ya kila nguzo. Nimeyapiga picha kwa karibu, mabawa yanaonekana moja moja.

Nilimwonesha msimamizi wa eneo picha hizo, ile ya wadudu kwanza na ya anga baadaye. Alisema wateja hulalamikia wadudu kila mwisho wa mwezi na kwamba hakuwahi kufikiria kuinamisha taa. Mbili zimeinamishwa wiki hiyo hiyo. Ya tatu imeshikwa na kutu, na fundi ameahidi kuja. Kwa wavuvi nimepeleka maneno ya mzee kuhusu kifuniko kama alivyoyasema, bila kuongeza langu.

Mama, nimefika mwaloni kwenu juzi saa kumi alfajiri lakini sikukufahamu kwa sura. Nilisimama mbele ya ile taa na kwa kweli sikumwona hata mtu aliyenisalimia. Picha tisa ziko tayari, nikiwa nimezipiga kwa usawa wa macho ya mtu anayeingia na kapu kichwani. Niambie mkutano ni lini.